Blanketi la Yunifomu

Mwezi wa Januari mafundi wa Nakuru hawana muda wa kusalimiana. Ukipita kwenye veranda zao kule mjini unasikia cherehani tu, na wazazi wamejazana na watoto wao wakipimwa kiuno, kila mama akisisitiza upindo uachwe mrefu kwa sababu huyu wake anakua haraka. Mimi huja na gunia. Ninainama chini ya meza na kuokota vipande vilivyoanguka: mabaki ya sketi, pembe za kaptula, vipande vya kola. Mafundi wamenizoea. Kuna mmoja huniambia, "Mathe, wewe ndiwe ufagio wetu," nami humjibu kwamba afadhali ufagio, kuna watu hata kufagia hawajui.

Vipande hivyo ndivyo ninavyoshonea mablanketi. Nikifika nyumbani navifua, navipiga pasi, halafu navikata miraba nikifuata kifuniko cha boksi la viatu nilichokipunguza kwa makasi. Naunganisha miraba hiyo kwa cherehani mpaka iwe shuka moja kubwa la rangi rangi. Ndani natia blanketi kuukuu, chini naweka kitambaa kizima, kisha nashona kwa mkono kupitia tabaka zote tatu ili zisitembee. Blanketi moja hunichukua miezi miwili, mitatu kama macho yanauma. Watu huyaita mablanketi ya yunifomu, na kila anayeliona hutafuta shule yake. Nimewahi kumwona mzee mzima aliyevaa suti akipiga magoti sebuleni kwangu, akihamisha kidole kutoka mraba hadi mraba, mpaka alipoipata kijivu yake akacheka peke yake.

Ikifika muhula wa tatu naacha mablanketi kidogo natengeneza kadi za kuwatakia watahiniwa heri. Nakunja karatasi ya manila, na mbele nabandika shati dogo lisilozidi kiberiti, lenye kola na tai, la kitambaa cha shule ya yule mtoto. Mzazi hutaja shule tu. Rangi naijua. Kutoka Gilgil mpaka Molo, shule za kutwa na za bweni, nitakwambia sweta ni ya rangi gani na mistari ya tai inaelekea wapi. Jirani yangu mmoja hapa Section 58 alinijaribu siku moja kwa shule tisa mfululizo, nikampa zote tisa huku nakuna nazi.

Nakubali, hapa najisifu. Ni vizuri ujue jinsi nilivyokuwa najisifu kabla sijakueleza habari za dadangu.

Dadangu ananizidi miaka miwili. Ameolewa Sachangwan, kule juu ambako malori hupanda yakilalamika na ukungu huingia nyumbani bila kubisha. Analima viazi na karoti, vingine anauza kando ya barabara. Mara tatu kwa mwaka huteremka Nakuru kununua mbegu au kuonwa macho, na hapiti bila kufika kwangu. Huketi kiti kile kilicho karibu na mlango, mkoba mapajani, viatu miguuni. Hunywa vikombe viwili vya chai, hunipa habari za mvua na za wagonjwa, na ikigonga saa kumi hutazama saa ya ukutani na kusema, "Wacha niende, ng'ombe."

Ng'ombe huyo nilimjua vizuri. Dadangu akienda matanga siku tatu, ng'ombe hukamuliwa na jirani wala hakuna neno. Akija kwangu, hakuna mwingine duniani anayejua kukamua. Nimekaa nyumba hii miaka kumi na saba. Mwaka nilipohamia nilimnunulia slipa za kuvaa akilala hapa, za manyoya ndani, nikaziweka chini ya kitanda cha wageni. Bado zilikuwa kwenye mfuko wake wa plastiki. Mimi kwake nimelala mara nyingi, na kila mara hunipa kitanda chake na kwenda kulala na wajukuu. Kwa hiyo haikuwa chuki. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na mimi naongeza kwamba asiyetaka kulala kwako hakwambii sababu. Nami sikuwahi kumwambia wazi, dada, lala. Niliogopa atakataa, halafu tuanze kuulizana kwa nini.

Maana nilijua kwa nini.

Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha blanketi. Alipunguzwa kazi mwaka nilipoitwa kidato cha kwanza, dadangu akiwa anaingia cha tatu katika shule nyingine. Alituketisha akatuambia karo iliyopo ni ya mmoja. Hakuwa mtu wa kupendelea, baba. Alisema tutaenda kwa zamu. Muhula wa kwanza ataenda mdogo, kwa sababu asiporipoti nafasi yake itapewa mtu mwingine. Muhula wa pili mdogo atabaki na mkubwa atarudi. Dadangu alikubali palepale. Alinipa sanduku lake la bati, tukakwangua jina lake kwenye kifuniko kwa kisu na kuandika langu.

Nilienda. Nilikuta maktaba, na mwalimu wa Kiswahili aliyesoma insha yangu mbele ya darasa. Muhula wa pili ulipofika, asubuhi ya kufungua shule, niliamka kabla ya wengine, nikapanga vitu vyangu vyote ndani ya sanduku, nikaliburuta mpaka mlangoni na kulikalia. Dadangu alikuwa ameenda mferejini. Aliporudi na mtungi alinikuta hapo, nimekaza magoti, nimevaa yunifomu. Baba alikuwa amechoka na maisha mwaka huo. Alisema, basi, mwacheni aende, tutaona muhula ujao.

Dadangu aliweka mtungi chini, akapangusa mikono, akashika upande mmoja wa sanduku na kunisaidia kulibeba mpaka stendi. Muhula uliofuata hakuna aliyezungumzia zamu. Alienda Sachangwan kwa shangazi kusaidia kuvuna viazi, na huko ndiko alikoolewa.

Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilipata kadi moja tu ya kunitakia heri. Ilitoka Sachangwan. Ilikuwa na picha ya waridi, na ndani alikuwa ameandika: Fanya vizuri. Nafikiri kadi zote nilizotengeneza maishani nilizitengeneza kwa sababu ya ile. Sikuwahi kumjibu.

Mwaka jana magoti yake yalianza kumsumbua kwa baridi. Akaniambia kwa simu kwamba asubuhi hawezi kuinuka mpaka ayakande. Nikajiambia, huyu nitamshonea blanketi, na litakuwa blanketi ambalo sijamshonea mtu. Nilitia rangi zote za maisha yetu: khaki ya shule ya msingi tuliyosoma wote wawili, bluu ya shule ya wanawe, kijivu ya mjukuu. Katikati kabisa niliweka miraba minne ya maruni, rangi ya shule aliyoiacha. Nilitaka alale chini ya ile shule. Nilitaka aelewe kwamba sijasahau. Naona aibu kuandika hivi, lakini kuna jioni nilishona huku nikijiona mtu mwema.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Akinitumia gunia la viazi kwa matatu, gunia hilo hupanda tena na sukari, sabuni, majani ya chai. Safari hiyo lilipanda na blanketi. Juu yake niliweka kadi yenye blauzi ndogo ya maruni. Ndani niliandika: Dada, hii ni yako. Nilimpa karani wa stendi, akaandika nambari ya simu ya dadangu kwenye gunia kwa kalamu nene, na nikarudi nyumbani nikisubiri kupigiwa.

Alipiga kusema mzigo umefika, asante, blanketi lina joto. Basi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Mimi si mtu wa subira na nilikuwa nimeshaanza kununa.

Wiki ya tatu karani alinipigia kwamba kuna mzigo. Lilikuwa gunia lile lile. Juu palikuwa na karoti, chini ya karoti viazi, na chini ya viazi, ndani ya mfuko safi wa unga, lilikuwa blanketi langu. Nililitandaza sebuleni. Katikati palikuwa na shimo. Ile miraba minne ya maruni ilikuwa imeondolewa, si kwa makasi, uzi ulifumuliwa mmoja mmoja, hata kingo hazikuchanika. Blanketi kuukuu la ndani lilichungulia. Miraba yenyewe ilikuwa imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya sisali.

Nilikasirika. Miezi mitatu ya macho yangu! Nikajiambia, kumbe huyu mtu hasamehi, anataka nijue hivyo, na ameamua kuniambia kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nilikunywa maji kwanza, kisha nikampigia.

"Mzigo umefika?" akauliza.

"Umefika. Dada, kwani hili blanketi limekukosea nini?"

"Halijanikosea. Ni zuri sana. Nimelala nalo wiki mbili, na magoti yametulia."

"Sasa mbona umelitoboa?"

"Sijatoboa, nimefumua. Wewe fundi mzima hujui tofauti?"

Nilisikia lori likipanda mlima upande wake, na akangoja lipite.

"Ile maruni," akasema, "ni ya nani?"

"Si ya shule yako?"

"Shule yangu?" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Mimi nilivaa kijani. Kijani ya chupa, sketi na sweta. Maruni ni yako. We mtoto, umenipeleka shule yako."

Sikumbuki nilivyomaliza mazungumzo hayo. Nilienda kwenye albamu. Tuna picha moja tu yake akiwa amevaa yunifomu, amesimama mbele ya nyumba ya kiwanda, na ni ya nyeusi na nyeupe. Nilikuwa nimeitazama miaka mingi na kuona maruni. Sasa nilipoitazama niliona kwamba hata kola haikuwa kama yetu. Yetu ilikuwa ya mviringo, yake ilikuwa na ncha. Na kile kitambaa cha kijani sikuhitaji kukitafuta mbali. Ile shule ingalipo. Mafundi hukata sketi zake kila Januari, na mimi huokota vipande vyake na kuvitumia kuzungushia kingo za mablanketi ya watu, kwa sababu kijani hiyo haionyeshi uchafu.

Mimi, ninayejua tai za shule tisa huku nakuna nazi. Nyani haoni kundule.

Kilichoniuma hasa ni hiki. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilijua nina hatia, na niliamini hatia hiyo ndiyo kumkumbuka dadangu. Kumbe kila nilipoikumbuka ile asubuhi nilijiona mimi, sanduku langu, sweta yangu ya maruni. Yeye alikuwa mtu mwenye mtungi tu. Niliketi sakafuni karibu na lile shimo nikalia, na sikulia kwa uzuri.

Alikuja mwezi uliofuata, siku ya kuonwa macho. Aliketi kiti chake cha mlangoni, mkoba mapajani. Baada ya chai alifungua mkoba akatoa leso, na ndani ya leso palikuwa na mfuko wa sketi. Mfuko peke yake, wa kijani iliyopauka, wenye mshono mweupe aliourudia mwenyewe.

"Sketi yenyewe iliisha," akasema. "Nilichimbia viazi, nikavalia ujauzito wa kwanza, ikawa viraka vya suruali za mzee. Huu nilikuwa natilia chenji nikiuza barabarani. Tia huu."

Mfuko ulikuwa mdogo kuliko shimo. Nilitoa kwenye gunia langu la vipande kijani mpya, nikakata miraba minne nikaiunganisha, naye akatazama jinsi nilivyokipata haraka kile kitambaa. Kisha akasema mfuko ataushona mwenyewe, kwa mkono, maana mishono yangu ni mirefu kama ya kushona magunia. Lakini pale mlangoni hapana mwanga wa kutosha kwa macho yake. Ikabidi ahamie kiti cha dirishani, na huwezi kushona blanketi ukiwa umepakata mkoba. Aliuweka chini, karibu na mguu wa meza.

Tulishona kila mtu upande wake, blanketi limetandazwa kwenye magoti yetu.

"Dada," nikasema, "ule muhula wa pili ulikuwa wako."

"Najua."

"Nilikuibia."

"Hukuiba. Baba alikubali." Alivuta uzi. "Na kama ungeniuliza ningekupa. Mimi hesabu zilikuwa zinanishinda, wewe ulikuwa na kichwa. Si shule iliyoniuma. Ni vile ulikalia sanduku kama mtu analinda mali. Nikajiuliza, mwizi ni nani hapa? Ni mimi? Sanduku lenyewe lilikuwa langu."

Kisha nikasema nilichopaswa kusema nikiwa na miaka kumi na nne. "Nisamehe, dada. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza," akasema. Akaniangalia juu ya miwani. "Nimesikia. Sasa usilie juu ya kitambaa kipya, kitachuja rangi."

Alipomaliza alitia mkono ndani ya mfuko, akaujaribu kama uko imara. Nilidhani atasema kitu. Alisema humo ataweka miwani yake, kwa sababu wajukuu huikalia. Nikamuuliza ile kadi aliipeleka wapi, ile ya blauzi ya maruni, maana haikurudi na mzigo.

"Kadi nimebaki nayo," akasema. "Hata kama shati si langu."

Saa ya ukutani ikafika kumi. Aliitazama. Mimi pia niliitazama, nikiogopa, mtu mzima wa umri wangu, ombi la maneno mawili.

"Dada, lala."

Aliinama, na nikaona mkono wake ukienda kwenye mkoba. Nilijikaza. Alitoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Jirani, habari ya huko? Nisaidie kukamua huyo ng'ombe jioni ya leo. Ee. Na kesho asubuhi. Niko kwa mdogo wangu."

Nilikimbilia chumba cha wageni kabla hajabadilisha mawazo. Nilipasua ule mfuko wa plastiki kwa meno. Slipa zilikuwa zingali na karatasi ya dukani kwenye soli. Alivua viatu vyake polepole, akiyasaidia magoti kwa mikono, akaingiza miguu. Visigino vilibaki nje kwa upana wa vidole vitatu vizima.

"Hata nambari ya mguu wangu hujui," akasema.

"Wewe huvaa ngapi?"

"Arobaini na moja. Kutembea mashambani hupanua miguu."

"Kesho tutaenda mjini tununue zingine."

"Kesho," akasema, kama mtu anayepima viazi mkononi. Halafu akasimama na zile slipa hivyo hivyo, visigino vikigusa sakafu, akapita mbele yangu kuelekea jikoni, mahali ambapo hakuwahi kuingia, na nikasikia akifungua kabati moja, na la pili.

"We mtoto," akaniita kutoka huko, "sufuria ya ugali unaiweka wapi?"